Mvua Ikinyeshea Pipa la Nyama: Jinsi ya Kuokoa Kitoweo na Vifaa vya Jikoni Vilivyoloa

Mvua za Dodoma hazipigi hodi. Kati ya Desemba na Aprili jua linaweza kuwaka tangu asubuhi, saa tisa alasiri upepo ukainua vumbi, na dakika kumi baadaye ua mzima ukawa dimbwi. Anayekutwa na paja la mbuzi kwenye pipa la moshi (pipa la chuma la kuivisha nyama taratibu kwa moshi wa makaa), blenda juu ya meza na ekstensheni imelala chini, mara nyingi hufanya makosa mawili. Nyama anaiacha kwenye pipa lililopoa, mvua ikikata awashe tena. Blenda anaifuta kwa kitambaa na kuichomeka palepale aone kama inawaka.

Inatakiwa kinyume chake. Nyama haisubiri, ina saa moja au mbili tu. Kifaa cha umeme ndicho cha kusubiriwa, tena siku tatu. Fuata hatua kwa mpangilio huu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kipimajoto cha nyama chenye sindano. Siku ya mvua cha kutegemea ni kile cha mshale kisichotumia betri.
- Sufuria kubwa yenye kifuniko, au presha kuka ya kuweka juu ya moto.
- Jiko la pili: la gesi, au la mkaa mkavu uliohifadhiwa ndani.
- Kisu kikali, ndimu au ukwaju, chumvi.
- Taulo na vitambaa vikavu visivyotoa nyuzi.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, mswaki wa zamani wenye nywele laini.
- Maltimita, yaani kipima umeme cha mafundi. Hata ya bei ndogo inatosha.
- Isopropili alkoholi ya asilimia 99, inayopatikana kwa wauza vifaa vya mafundi simu. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji, yaani kitu kile kile unachotaka kukitoa. Thina usiiguse, inayeyusha plastiki.
- Kichanja cha vyombo na chandarua cha zamani.

## Hatua ya 1: Zima umeme kabla ya kugusa chochote

Nenda kwenye meni swichi ukiwa na mkono mkavu na viatu vya mpira, usimame pakavu, kisha uzime nyumba nzima. Ekstensheni iliyolala majini inaweza kuyatia umeme maji yenyewe. Mtu akienda kuichomoa anapigwa shoti kabla hajaigusa. Ukishazima ndipo uchomoe plagi zote.

Usijipe moyo kwamba breka itakata. Breka ya kawaida hulinda waya usiungue, na mkondo unaoifanya ikate ni mkubwa mara nyingi kuliko ule unaotosha kumuua mtu. Breka inayokata umeme ukivuja ni nyingine, na nyumba nyingi hazina.

Kama boksi la meni swichi limeingia maji, au huwezi kulifikia bila kukanyaga maji, liache. Watu wote wakae mbali na ua, upige simu TANESCO au umwite fundi umeme.

Kabla hujaondoka hapo, toa betri kwenye mizani ya kidijitali na kipimajoto cha kidijitali. Usibonyeze kitufe chochote kujaribu. Maji peke yake huharibu bodi polepole, lakini maji pamoja na umeme huila shaba kwa dakika chache.

## Hatua ya 2: Pipa libaki nje

Kishawishi kikubwa ni kuliburuta pipa hadi barazani, au jikoni kabisa. Usifanye hivyo hata kama mvua ni ya mawe. Makaa yanayofukuta kwa hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, na baraza lililozibwa kwa turubai linatosha kuikusanya ikaua.

Kinachofaa ni kuliwekea pipa paa: bati moja juu ya nguzo au matofali, angalau nusu mita juu ya kifuniko, pande zote zikiwa wazi. Acha tundu la hewa la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi, yale mengine funga.

Ukilazimika kufunua, inua kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali na uso wako, taratibu. Hewa ikiingia kwa ghafla, mafuta yaliyodondokea kwenye makaa huripuka moto. Wala usimwagie maji kifuniko cha moto ili upate pa kushika. Mvuke wake unaunguza kuliko chuma.

Sasa sikiliza na utazame. Makaa bado mekundu na kifuniko bado kinaunguza? Acha nyama ndani, nenda ukaipime. Unasikia mlio wa makaa kuzimika na unaona mvuke mweupe badala ya moshi? Moto umekufa. Angalia saa na uiandike, kwa sababu hesabu yote inayofuata inategemea dakika hiyo.

## Hatua ya 3: Pima nyama, hesabu muda

Ingiza sindano katikati ya sehemu nene kuliko zote, isiguse mfupa. Mfupa una joto lake na utakudanganya. Subiri mshale utulie, kama sekunde 20. Pima sehemu tatu na uchukue namba ya chini kabisa.

Bakteria wanaoharibu nyama huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selisiasi. Kwa hiyo:

Nyama inasoma zaidi ya nyuzi 60. Iko salama kwa sasa. Ihamishie kwenye moto mwingine kabla haijashuka.

Iko chini ya 60, na haijapita saa 2 tangu moto ufe. Inaokoka, ila iende kwenye moto mkali sasa hivi. Kama hewa yenyewe ina joto la zaidi ya nyuzi 32, na kabla ya mvua Dodoma hali hiyo si ngeni, hesabu saa 1 tu.

Iko chini ya 60 na muda huo umepita. Itupe. Hapa ndipo wengi wanapobisha, maana paja zima la mbuzi ni pesa. Lakini bakteria aina ya Staphylococcus, wanaoishi puani na kwenye ngozi ya watu, hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiharibu. Ukitokosa nyama hiyo saa zima utaua bakteria, sumu itabaki pale pale. Kunusa hakusaidii, hasa nyama iliyokwisha kuvaa harufu ya moshi.

Kwenye hesabu ingiza pia muda ambao nyama ilikaa mbichi kwenye beseni kabla ya kupanda pipani. Iliyokaa dakika 50 mezani ikisubiri mkaa ukolee, kisha dakika 80 kwenye pipa lililozimika, imeshapita saa 2.

Kuku, soseji, nyama ya kusaga na nyama uliyoitoboa kwa kisu ili viungo viingie, vyote viwe na masharti makali zaidi, kwa sababu bakteria wa juu wameshapelekwa ndani. Ukiwa na shaka navyo, usivifanyie hesabu ya kubembeleza.

Nyama iliyorukiwa na matone ya mvua haina tatizo. Iliyorukiwa na tope la uani, kata nusu sentimita ya upande huo. Iliyoguswa na maji yaliyopita kwenye choo, banda la kuku au zizi, itupe bila kujali kipimajoto kinasema nini.

### Kipimajoto chenyewe kikiwa kimeloa

Usikiamini mpaka ukijaribu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, ingiza sindano: isome 0. Kisha ijaribu kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Hapo kuna mtego wa hapa kwetu. Dodoma mjini iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kipimajoto kinachosoma 96 ni kizima. Ukizungusha nati yake ya nyuma mpaka kisome 100, kuanzia hapo kitakuongezea nyuzi 4 za uongo.

Kama huna kipimajoto kabisa, fuata saa peke yake, tena kwa kipimo cha saa 1.

## Hatua ya 4: Maliza kuivisha kwa moto mkali

Usiirudishe nyama kwenye moshi wa taratibu. Pipa lililoloa huchukua muda mrefu kupata joto tena, na muda wote huo nyama itakuwa inapita kule kule kwenye hatari.

1. Chemsha maji kwanza, kisha ndipo utie nyama. Ukianza na maji baridi, unaongeza dakika 20 za bure kwenye joto bovu.
2. Kata nyama vipande vya ukubwa wa ngumi, gramu 200 hadi 300. Paja zima linaweza kuonekana limeiva nje huku karibu na mfupa likiwa vuguvugu.
3. Maji yafunike vipande vyote. Yakishachemka tena, punguza moto kidogo, funika.
4. Pima vipande vitatu, kikiwemo kikubwa kuliko vyote. Nyama ya kuokoa ifike nyuzi 74, iwe ya mbuzi, ng'ombe au kuku.

Usalama na ulaini ni mambo mawili tofauti. Kwenye 74 nyama ya mbuzi inalika lakini inavuta meno. Ile mishipa migumu huyeyuka vizuri ikikaribia 90, na kwa kuwa maji yetu yanaishia 96, kutokosa kwa sufuria ya kawaida huchukua saa moja na nusu au zaidi kwa mbuzi aliyekomaa. Presha kuka inamaliza kazi hiyo kwa dakika 30 hadi 40, kwa sababu ndani yake maji hupanda hadi kwenye nyuzi 115 na zaidi.

Imefaulu pale sindano inapoingia bila kusukumwa na vipande vyote vitatu vinasoma 74 au zaidi. Ukitaka harufu ya moshi, sasa unaweza kuirudisha nyama pipani, pipa likiwa limekauka na lina moto safi, kwa dakika 30 hadi 45.

## Hatua ya 5: Nyama ni salama lakini haina ladha nzuri

Uchungu unaoganda ulimini. Unatokana na moshi mzito mweupe wa kuni zilizoloa na moto uliokosa hewa. Lami ya moshi huo hukaa kwenye ganda la nje na kwenye mafuta. Kata milimita 3 hadi 5 za nje, ondoa mafuta yote ya juu bila huruma, kisha chemsha vipande dakika 10 na umwage maji hayo. Pika upya kwa nyanya na ukwaju, au kwa karanga za kusaga, ambazo mafuta yake hufunika uchungu uliobaki. Chumvi weka mwisho. Supu ya maji ya kwanza usiihifadhi. Ndiko uchungu ulikohamia.

Ladha ya sabuni. Ni majivu. Maji yakichanganyika na majivu hutoa magadi, nayo yameruka hadi kwenye nyama. Suuza kwa maji ya moto, sugua na ndimu, suuza tena. Ila kama kuni zilikuwa mbao za rangi, plaiwudi au mabaki ya fenicha, usihangaike na ndimu, tupa.

Harufu ya mafuta ya taa. Mtu alijaribu kuwasha mkaa ulioloa. Harufu hii haitoki, na nyama hiyo haifai kuliwa.

Imekauka kama kamba. Ichambue kwa mikono kufuata nyuzi zake, ichemshe kwenye supu kikombe kimoja kwa kila nusu kilo, moto mdogo, dakika 20. Haitarudi kuwa nyama ya kubanika lakini kwa ugali wa uwele na mlenda inapita vizuri tu.

Itakayobaki ipoze ikiwa imetandazwa kwenye sinia, isirundikwe, na iingie frijini ndani ya saa 2. Kesho yake ipashe hadi 74.

## Hatua ya 6: Vifaa vya umeme, panga kulingana na maji yaliyoingia

Nyama ikishapata moto, rudi mezani. Swali la kwanza kwa kila kifaa ni kwamba kimeloa maji gani.

Mvua tupu ndiyo nafuu, kwa kuwa ina chumvi kidogo sana. Maji ya tope yana udongo mwembamba unaoganda kwenye beringi na swichi. Supu, maji ya chumvi na marinedi (mchanganyiko wa viungo wa kulowekea nyama) ndivyo vibaya kuliko vyote; chumvi inabaki baada ya maji kukauka, inavuta unyevu wa hewani na kuendelea kula shaba wiki nzima. Kwa hiyo kifaa kilichoingiwa na tope au chumvi kisuuzwe kabla ya kukaushwa, jambo ambalo watu wengi wanaliona kama wazimu.

Usisuuzie maji ya kisima. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na utakuwa umeongeza tatizo. Kinga maji ya mvua kwenye beseni safi mbali na bati lenye vumbi, au nunua maji yaliyotoneshwa. Kwenye duka la vipuri huitwa maji ya betri, ila uliza vizuri, maana kwa jina hilo hilo wengine watakupa asidi.

Vitu vya kutofungua mwenyewe: maikrowevu na jiko la induksheni. Kapasita ya maikrowevu inaweza kushika zaidi ya volti 2,000 hata ikiwa imechomolewa. Vikaushe kwa nje na uvipeleke kwa fundi. Jiko la induksheni lenye kioo kilichopasuka, na kifaa chochote ambacho betri yake imevimba, ni vya kuachana navyo.

## Hatua ya 7: Fungua, suuza, ondoa maji

Kifaa kiwe kimechomolewa. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kila skrubu, na zibandike skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio ulizotoka. Nyingi zinafanana lakini urefu unatofautiana, na skrubu ndefu ikirudi pasipo pake hutoboa bodi.

Blenda. Geuza sehemu ya mota ichuruzike kupitia matundu ya chini. Fungua kitako. Utaona mota yenye pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na vijiti viwili vya kaboni vinavyoigusa. Suuza tope, kisha pitisha alkoholi kwa mswaki juu ya pete hiyo mpaka ing'ae. Zungusha ekseli kwa vidole: iwe nyepesi na kimya. Ikikwaruza, udongo umeingia kwenye beringi au bushi, ioshe kwa alkoholi na ikikauka utie tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja tu. La pili litafika kwenye kaboni.

Jagi la umeme na sufuria ya umeme ya wali. Hapa wengi wanafeli hata baada ya kusubiri siku mbili. Elementi ni bomba la chuma lililojazwa unga wa magnesiamu oksaidi, na unga huo hufyonza unyevu kupitia ncha za bomba. Nje imekauka kabisa, ndani bado. Ukiwasha, breka inakata au bati la kifaa linakupiga shoti, nawe unadhani elementi imekufa kumbe inataka siku zaidi.

Mizani na kipimajoto. Fungua, piga bodi mswaki wenye alkoholi, hasa pale betri inapogusa. Ukungu wa kijani ukianza kuonekana, sugua mpaka shaba ionekane.

Ekstensheni. Iliyoingia maji ya tope nunua mpya.

## Hatua ya 8: Kausha saa 72

Weka vifaa vikiwa wazi juu ya kichanja, mdomo chini, hewa ipite kila upande. Funika kwa chandarua: upepo wa Dodoma unakausha vizuri lakini unakuja na vumbi lake, nalo likinasa kwenye mota yenye unyevu utaanza kazi upya. Jioni ingiza ndani, weka mbele ya feni.

Jua linafaa hadi saa nne asubuhi na tena kuanzia saa kumi. Katikati ya hapo hamishia kivulini, maana plastiki na vioo vya namba haviwezi joto la jua la mchana. Juu ya bati la paa usiweke kabisa. Draya ya nywele itumie kwenye hewa ya baridi. Ya moto husukuma mvuke ndani zaidi.

Mchele uache uwe pilau. Haufyonzi unyevu kuliko hewa inayopita, na unaacha unga na vumbi ndani ya matundu. Kama unavyo vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, weka kumi au zaidi kwenye chombo kimoja na kipimajoto chako, ufunike.

Elementi ndiyo pekee inayopenda joto la ziada. Sufuria ya wali ikiwa imefunguliwa na nyaya zimetolewa, bati lenye elementi linaweza kukaa kwenye oveni ya nyuzi 80 kwa saa 3, ila vipande vyote vya plastiki viwe vimeondolewa.

## Hatua ya 9: Pima kwa maltimita kabla ya kuchomeka

Kwenye plagi ya pini tatu, pini kubwa iliyo peke yake ni ethi, yaani ya waya wa ardhi. Mbili za chini ndizo zinazobeba umeme.

Kwanza, pima kati ya ethi na kila moja ya zile mbili, maltimita ikiwa kwenye kipimo cha megaomu. Isome OL (yaani umeme haupiti kabisa), au zaidi ya megaomu 2. Chini ya 1 maana yake unyevu bado upo: rudisha kichanjani siku nzima, upime tena. Namba ikipanda kila siku, subira inalipa. Ikiganda chini kwa siku tatu, elementi imeharibika.

Pili, kati ya ethi na bati la nje la kifaa. Iwe chini ya omu 1. Isiposoma kitu, waya wa ethi umekatika au umelika, na usikitumie hata kama kinawaka.

Tatu, kati ya pini mbili za chini, swichi ya kifaa ikiwa imewashwa. Kwa elementi, jibu unalijua mapema: 230 mara 230, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Jagi la wati 2,000 lisome kama omu 26. Sufuria ya wali ya wati 700, kama 76, ukiwa umebonyeza kitasa kwenye kupika. Kikiwa kwenye kutunza joto namba itakuwa kubwa zaidi na si kosa. Sifuri au karibu yake ni shoti. OL ni elementi iliyokatika, au fyuzi ya ndani ya joto, ambayo fundi hubadilisha kwa bei ndogo.

Kumbuka maltimita inatumia volti chache tu. Kifaa chenye unyevu mdogo kinaweza kufaulu kipimo chake na kufeli kwenye zile 230. Kwa kifaa cha bei kubwa, fundi mwenye mega, kipimo cha kuvuja kwa umeme, atakipima kwa volti 500.

Angalia na fyuzi ya plagi: jagi 13A, blenda 3A au 5A. Fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara si fyuzi.

## Hatua ya 10: Washa mara ya kwanza

Meza kavu ya mbao, viatu vya mpira, mkono mmoja. Chomeka soketi ikiwa imezimwa, kisha washa ukutani na si kwenye kifaa.

Blenda iende bila jagi, sekunde 5, pumzika, sekunde 30. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni kawaida. Pete nzima ya moto wa njano si kawaida. Harufu ya vumbi linaloungua itapotea. Ile ya varnishi, kali na tamu kidogo, ni koili inaungua, na hapo zima papo hapo.

Jagi na sufuria ya wali viende na maji kikombe kimoja. Usiguse bati. Breka ikikata, rudi Hatua ya 8. Yakichemka bila shida, mwaga, rudia mara mbili.

Mizani ijaribu kwa maji: lita moja iliyopimwa vizuri ni kilo moja. Weka chombo, rudisha sifuri, mimina. Ikisoma kati ya gramu 990 na 1,010 inafaa kwa mapishi. Namba inayocheza bila kutulia ni unyevu chini ya kihisio chake.

## Jiko la gesi na pipa

Vichwa vya jiko la gesi vitoe, zibua matundu kwa sindano, kausha. Moto wa njano unaoruka ni maji kwenye bomba la kuchanganyia; utarudi kuwa buluu baada ya dakika chache. Regyuleta iliyozama kwenye maji ya tope badilisha, usiitie mafuta wala usiifungue. Baada ya kufunga, paka povu la sabuni kwenye kila maungio, fungua mtungi, tazama dakika moja. Povu likikua, gesi inavuja.

Pipa usiliache na majivu mabichi mpaka wiki ijayo, yanakula chuma kuliko mvua yenyewe. Likipoa, komba yote, kwangua lami iliyoganda kifunikoni kwa msumeno wa zamani au bapa, washa moto mdogo wa kuni kavu dakika 20 kifuniko kikiwa wazi, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta ya kupikia wakati bado lina joto. Kuni za mwembe, mpera na mkungugu zinafaa kwa mara ijayo, pia matawi ya mizabibu yaliyopogolewa na kukauka miezi kadhaa, mradi yasiwe yamepigwa dawa karibuni. Mwarobaini utakurudishia uchungu ule ule, na mnyaa wa ua una utomvu wenye sumu, usiuweke karibu na nyama. Mkaa ulioloa tandaza juani siku tatu. Kipande kikigonganishwa na kingine kikilia kama kigae, kimekauka.